Kipaji, Kazi na Hadhira: Aniceti Kitereza na Chimbuko la Umahiri wa Kifasihi Ukerewe

Ikisiri

Makala hii inachunguza swali la iwapo umahiri wa kipekee wa mtunzi ni jambo la kuzaliwa nalo au ni tunda la juhudi. Mfano unaotumika ni wa Aniceti Kitereza (1896–1981), mwandishi wa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Inadaiwa kwamba maelezo mawili yaliyozoeleka, yaani lile la karama ya asili na lile la elimu ya kimisionari, hayatoshi kueleza namna riwaya hiyo ilivyopatikana wala namna ilivyokawia kuwafikia wasomaji. Kwa kuzingatia istilahi za Kiswahili zinazohusu kipaji, matini ya riwaya yenyewe, na desturi ya mashindano ya ngoma miongoni mwa Wasukuma wa ukanda wa Mwanza, makala inapendekeza kwamba uhakiki uzingatie pande tatu: alichopewa mtunzi, alichokifanyia kazi, na hadhira iliyompokea au kumkosa.

1.0 Utangulizi

Ukerewe, kisiwa kilichoko kusini mwa Ziwa Viktoria, kaskazini ya jiji la Mwanza, kimeipatia fasihi ya Kiswahili waandishi watatu ambao ni vigumu kuiandika historia ya riwaya ya Tanzania bila ya kuwataja: Aniceti Kitereza, Gabriel Ruhumbika aliyezaliwa mwaka 1938, na Euphrase Kezilahabi (1944–2020). Mahali ambapo lugha ya kwanza ya wenyeji ni Kikerewe wala si Kiswahili, mavuno hayo si haba. Hata msomaji asiyependa makisio hana budi kujiuliza yametoka wapi.

Majibu ya swali hilo huwa mawili. La kwanza husema kwamba watu hawa walizaliwa na kipaji. Kwamba Kitereza hasa alikuwa mtambaji wa asili, na kalamu yake ilifuata tu mkondo wa masimulizi aliyoyanyonya utotoni. La pili husema kwamba ni shule: misheni ya Kagunguli, seminari ya Rubya, seminari ya Nyegezi, na baadaye vyuo vikuu. Jibu la kwanza humtukuza mtunzi huku likificha kazi yake. La pili huitukuza taasisi huku likimficha mtunzi mwenyewe.

Mjadala huu una athari katika uhakiki. Mhakiki anayeamini kwamba Kitereza aliandika kwa karama tu ataisoma riwaya yake kama hazina ya mila iliyohifadhiwa, na hatatafuta ndani yake uamuzi wa kisanaa. Ndivyo ilivyotokea mara nyingi: kitabu kimenukuliwa zaidi kama ushahidi wa maisha ya Wakerewe wa kale kuliko kilivyohakikiwa kama riwaya. Mhakiki anayeamini katika shule pekee naye ataona ndani yake mwigo wa riwaya ya Ulaya uliovishwa majina ya Kikerewe. Wote wawili hufika mahali pamoja: ufundi wa Kitereza haujadiliwi.

2.0 Kipaji, Kipawa na Kariha

Kabla ya kuuliza kama kipaji huzaliwa au hutengenezwa, inafaa kuangalia maneno yenyewe yanasema nini. Kiswahili kina angalau istilahi tatu zinazotumika kwa maana inayokaribiana: kipaji, kipawa na kariha.

Kipaji na kipawa yote yanatokana na kitenzi -pa. Kimatumizi maneno haya hubadilishana nafasi bila taabu, lakini maumbo yake hayalingani. Kipawa kina alama ya kutendwa: ni kitu ambacho mtu amepewa. Kipaji kwa umbo kiko upande wa mpaji, yaani upande wa kutoa. Matumizi ya leo yameisahau tofauti hiyo, na haipaswi kujengewa hoja nzito. Hata hivyo, inakumbusha kwamba lugha haikumweka mwenye kipaji katika nafasi ya mpokeaji tu. Jamii haimwiti mtu mwenye kipaji kwa sababu ya kilichomo ndani yake kisichoonekana. Humwita hivyo kwa sababu ya kile anachotoa kikaonekana.

Kariha, neno lenye asili ya Kiarabu linalotumika zaidi katika mijadala ya ushairi, lina historia inayofaa zaidi. Katika Kiarabu neno hilo liliwahi kumaanisha maji ya kwanza yanayotoka kisimani baada ya kisima kuchimbwa, kisha likahamia kwenye maana ya uwezo wa asili wa kutunga. Maji hayo hayakutengenezwa na mchimbaji, yalikuwamo ardhini. Lakini hakuna aliyeyanywa kabla ya jembe kushuka. Katika neno moja, alichojaliwa mtu na alichokihangaikia havikutenganishwa.

Methali nazo zimegawanyika. Mpaji ni Mungu, husema moja. Nyingine huongeza kwamba jitihada haiondoi kudura. Upande wa pili wamo wanaosema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Si sahihi kudai kwamba hekima ya Kiswahili iko upande mmoja. Ni sahihi zaidi kusema kwamba methali za kudura hutumika zaidi kumfariji mtu baada ya matokeo, ilhali za jitihada hutumika kumhimiza kabla. Zinatawala nyakati mbili tofauti za tendo lile lile. Tofauti hii ya wakati ni muhimu kwa uhakiki: neno “kipaji” karibu kila mara hutamkwa baada ya kazi kukamilika. Ni hukumu ya mwisho inayojifanya kuwa sababu ya mwanzo.

3.0 Ukoo, Seminari na Miaka ya Kazi

Mwaka 1869 Francis Galton alichapisha kitabu kilichodai kwamba fikra kubwa hurithiwa katika koo, na ushahidi wake ulikuwa orodha za familia zilizotoa watu mashuhuri. Udhaifu wa hoja hiyo ulionekana mapema: familia hizo zilirithishana pia mali, shule, vitabu na majina yanayofungua milango. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake, waliowachunguza wanafunzi wa fidla mjini Berlin, walivuta upande wa pili. Walionyesha kwamba waliokuwa bora zaidi walikuwa wametumia saa nyingi zaidi katika mazoezi ya makusudi. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba mazoezi, japo yana uzito, hayaelezi tofauti yote iliyopo baina ya watu. Mjadala wa kisayansi kwa hiyo haujampa ushindi kamili yeyote kati ya wawili hao, na mhakiki wa fasihi hana sababu ya kujifanya ameumaliza.

Maisha ya Kitereza yangeweza kumfurahisha Galton. Alitoka katika ukoo wa Wasilanga, uliotawala Ukerewe, na alikulia katika mazingira ya utawala wa Mukama Mukaka. Lakini nasaba hiyo ilimpa kitu kingine kisichohitaji nadharia ya damu. Makazi ya mtawala yalikuwa mahali ambapo wazee walizungumza, mashauri yaliamuliwa, na historia ilisimuliwa kwa watu waliotakiwa kuikumbuka. Palikuwa pia mahali ambapo wamisionari walitafuta wanafunzi wao wa kwanza. Mtoto wa ukoo huo aliweza kuingia katika shule mbili: ile ya wazee na ile ya misheni. Vijana wengi wa kizazi chake walipata ya kwanza bila ya pili.

Kutoka Kagunguli alipelekwa seminari ya Rubya, magharibi mwa ziwa, alikokaa karibu miaka kumi na kusoma Kilatini, Kijerumani na lugha nyingine za Ulaya, pamoja na falsafa na teolojia. Hakupewa upadre. Alirudi, akaoa, akafanya kazi ya ukarani na baadaye kazi ya katekista na tafsiri katika misheni. Riwaya yake aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945, akiwa na umri wa karibu miaka 49, baada ya padre Almas Simard kumhimiza aandike kuhusu maisha ya wazee wake.

Tarehe hizi peke yake ni hoja. Kipaji kilichoshuka tayari kutoka tumboni kinahitaji maelezo ya kwa nini kilisubiri miaka 49. Maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba miaka hiyo haikuwa ya kusubiri. Mtu anayetafsiri maandiko ya dini kwenda katika lugha isiyokuwa na mapokeo marefu ya maandishi hulazimika kila siku kuamua mambo ambayo mwandishi wa riwaya huyahitaji: sentensi inaanzia wapi, usemi wa mtu mwingine unaingizwaje, kitu kisicho na jina kinaelezwaje, tendo la mkono linageuzwaje kuwa maneno. Kazi ya tafsiri ilikuwa karakana yake. Haikuitwa fasihi na wala hakuna aliyeihesabu kama mazoezi ya mwandishi wa riwaya, lakini ndiyo iliyomzoesha kalamu.

Hata hivyo, jibu la seminari nalo lina pengo. Rubya ilipitiwa na vijana wengi. Walisoma Kilatini kile kile kwa walimu wale wale, na baadhi yao bila shaka walikuwa na bidii kumpita Kitereza. Hawakuandika riwaya. Ipo kwa hiyo sehemu ya jambo hili ambayo mtaala hauwezi kuieleza: namna ya kutazama, subira isiyo ya kawaida juu ya vitu vidogo, sikio la mazungumzo. Sehemu hiyo inaweza kuitwa kipaji bila aibu. Kinachopingwa hapa ni tabia ya kulitumia neno hilo kabla mhakiki hajamaliza kuhesabu vyote vinavyohesabika.

4.0 Neema na Jitihada katika Matini

Riwaya yenyewe ina msimamo katika suala hili, ingawa hausemi kama hoja. Kiini cha kisa ni ndoa isiyo na mtoto. Bugonoka anachukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya maneno ya upande wa mume kuhusu kukosa kwake uzazi. Myombekere anafunga safari kwenda kumrudisha, anatozwa pombe ya ndizi na wakwe zake, na baada ya kuungana tena wanandoa hao wanatafuta matibabu kwa mganga Kibuguma. Hatimaye anazaliwa Ntulanalwo, kisha Bulihwali.

Mtoto, katika fikra za jamii inayosawiriwa, ni kitu cha kupewa kuliko vyote. Hakuna aliye na uwezo wa kujipa. Lakini Kitereza anaizingira zawadi hiyo kwa kazi. Kabla mtoto hajaja, msomaji amepitishwa katika safari, mashauri, maamkizi marefu ya ukweni, ukataji wa ndizi, uivishaji wake, ukamuaji wa pombe, ubebaji wake, uchimbaji wa dawa na masharti ya kuzitumia. Pombe ya faini, ambayo mwandishi mwingine angeimaliza kwa sentensi moja, inapewa nafasi kubwa kiasi cha kumchosha msomaji mwenye haraka. Wasomaji walioiona sehemu hii kuwa maelezo ya kiethnografia yaliyozidi kipimo hawakulizingatia jukumu lake. Urefu wa utengenezaji wa pombe ndio kipimo cha ndoa hiyo. Myombekere hatoi tamko la mapenzi kwa mkewe. Anatengeneza pombe, na msomaji anaipima nia yake kwa jasho lake.

Majina nayo yanashiriki katika mvutano huu. Ntulanalwo ni jina ambalo kwa Kikerewe hubeba maana ya kukaa na kifo siku zote. Mtoto aliyepatikana kwa taabu yote hiyo anaitwa kwa jina linalokumbusha kwamba kilichotolewa kinaweza kuchukuliwa. Juhudi za wazazi hazikuinunua zawadi; ziliifanya iwezekane tu. Hivyo riwaya haimpi ushindi anayesema kwamba kila kitu hutoka juu, wala haimpi anayesema kwamba mtu hupata kila anachokitolea jasho. Inaonyesha watu wanaofanya kila kinachowezekana kwa jambo ambalo mwisho wake hauko mikononi mwao.

Mbinu hiyo ndiyo inayomtofautisha Kitereza na mtambaji wa jadi anayefananishwa naye. Mtambaji mbele ya hadhira inayojua pombe inavyotengenezwa hana haja ya kuieleza, angeonekana mjinga. Ni mwandishi aliyekwisha kutambua kwamba wajukuu wa wasimuliaji hawataijua kazi hiyo ndiye anayeiandika hatua kwa hatua. Maelezo yake marefu ni uamuzi uliotokana na kumfikiria msomaji asiyekuwapo. Uamuzi wa aina hiyo hauwezi kuhesabiwa kama mwangwi wa simulizi za utotoni.

Vivyo hivyo kuhusu Kiswahili chake. Toleo la Kiswahili, lililochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, ni tafsiri ya mwandishi mwenyewe. Wapo waliokiona Kiswahili hicho kuwa kizito, chenye miundo na misamiati ya Kikerewe chini yake. Uchunguzi huo una ukweli, lakini hitimisho kwamba ni upungufu wa kipaji si sahihi. Kitereza aliifanya tafsiri hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Uzito wa lugha yake ni alama za kazi ya kuhamisha ulimwengu mzima kutoka lugha moja hadi nyingine, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na mtu wa pili, akiwa na mwandishi wa kumuuliza.

5.0 Funzo la Bagika na Bagalu

Ng’ambo ya maji, upande wa Mwanza, Wasukuma wana mapokeo ambayo yamelijadili swali hili kwa njia yao. Ngoma zao za mashindano zimegawanyika katika jamii mbili kubwa, bagika na bagalu, ambazo kwa mujibu wa masimulizi zilianzishwa katika karne ya 19 na mahasimu wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja katika uwanja wake, na watazamaji wako huru kwenda wanakovutwa. Kikundi kinachokusanya umati mkubwa zaidi ndicho kinachoshinda. Mashindano hayo yanaendelea hadi leo, hasa katika sherehe za Bulabo huko Bujora, Kisesa, ambako padre David Clement aliasisi kituo kilichokuja kuwa makumbusho ya Wasukuma.

Katika mapokeo hayo, umahiri wa manju na kikundi chake huelezwa kwa mambo matatu. Lipo zoezi, ambalo kila mtu huliona. Ipo dawa, iitwayo samba, inayoaminika kuwavuta watu uwanjani. Na upo umati wenyewe. Linalostahili kuzingatiwa ni nafasi ya dawa. Ndiyo inayobeba sehemu ya umahiri isiyoelezeka, sehemu ambayo kwingineko huitwa kipaji. Lakini dawa nayo haizaliwi na mtu. Hupatikana kwa mwalimu, kwa malipo, kwa masharti na kwa kukabidhiwa. Hata Ngika na Gumha hukumbukwa kama watu waliokuwa na ujuzi wa dawa walioupata na kuurithisha. Vivyo hivyo vyama vya ujuzi maalumu, kama vile vya buyeye wanaoshughulika na nyoka na bununguli wawindaji wa nungu, humwingiza mtu kwa kumfundisha. Mapokeo haya hayakatai kwamba kuna siri katika umahiri. Yanasema kwamba siri nayo ina mwalimu.

Jambo la tatu, umati, ndilo linalokosekana katika mjadala wa kawaida wa kipaji na juhudi. Maelezo yote mawili humtazama mtunzi peke yake: ama yale aliyozaliwa nayo, ama yale aliyoyafanya. Uwanja wa bagika na bagalu unakataa upweke huo. Kikundi kinachocheza vizuri mbele ya uwanja mtupu hakijashinda, na hakuna atakayelikumbuka jina la manju wake.

Ukiangaliwa kwa kipimo hicho, mwendo wa Kitereza unaonekana upya. Mwaka 1945 alikuwa na kila kitu isipokuwa umati. Kikerewe, lugha ya watu wachache, hakikuwa na soko la vitabu, na mswada ulibaki bila mchapishaji. Mwaka 1968 mwanahistoria Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walifika Ukerewe kwa utafiti, wakaujua mswada huo, na mawasiliano yao na mwandishi yakachangia azma ya kuutafsiri kwa Kiswahili. Kitabu kilitoka miaka 35 baada ya mswada kukamilika. Mwandishi alifariki mwaka 1981 kabla hajakishika mkononi. Baada ya hapo ndipo hadhira ilipokusanyika: Kijerumani kwa tafsiri ya Wilhelm Möhlig katika miaka ya 1990, Kifaransa kwa tafsiri ya Simon Baguma Mweze, na Kiingereza kwa tafsiri ya Ruhumbika mwaka 2002, iliyotokana na Kikerewe. Katika miaka hiyo 35 kipaji cha Kitereza hakikuongezeka wala kupungua, na bidii yake ilikwisha kutimia. Kilichobadilika ni uwanja.

6.0 Kezilahabi na Swali Lile Lile

Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo katika kisiwa hicho hicho, anatoa ulinganisho unaofaa. Alisoma seminari ya Nyegezi mjini Mwanza, akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1967, na mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 27, riwaya yake ya Rosa Mistika ilichapishwa na East African Literature Bureau. Kitereza alingoja miaka 35. Kezilahabi alipata hadhira karibu mara tu alipokuwa na neno la kuiambia. Nchi huru ilihitaji vitabu vya Kiswahili, chuo kikuu kilihitaji fasihi ya kufundisha, na wasomaji waliotoka shuleni walikuwapo. Hata ubishi uliozuka juu ya riwaya hiyo na kufaa kwake shuleni ulikuwa aina ya umati.

Mwaka 1974, diwani yake ya Kichomi ilichochea mgogoro wa ushairi ambao, ukiangaliwa kwa makini, ulikuwa mjadala wa kipaji na juhudi kwa jina jingine. Watetezi wa arudhi walidai kwamba wanaoandika bila vina na mizani wanakwepa kazi: hawakujifunza ufundi, hivyo wanauita upungufu wao uhuru. Watetezi wa mashairi huru walijibu kwamba kuhesabu mizani ni kazi inayoweza kufanywa na mtu asiye na la kusema. Kila upande ulijiona ndio wenye ushairi wa kweli, na kila upande ulimhukumu mwenzake ama kwa uvivu ama kwa ukosefu wa kariha.

Wote wawili walikuwa na mashiko, na wote wawili walikosea mahali pamoja. Kitabu cha Amri Abedi cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi kilidhihirisha, kwa kuwapo kwake tu, kwamba kutunga kunaweza kufundishwa. Hakuna anayeandika mwongozo wa jambo ambalo watu huzaliwa nalo. Lakini Kezilahabi hakuwa mtu asiyejifunza. Alijifunza mahali pengine: katika falsafa, katika tasnifu yake ya umahiri juu ya riwaya za Shaaban Robert, katika lugha ya kila siku aliyoichagua makusudi. Njia iliyompeleka kutoka Rosa Mistika hadi Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya zinazovunja karibu kila kanuni alizoanza nazo, si njia ya mtu anayetegemea alichozaliwa nacho. Ni ya mtu aliyejifunza ufundi mmoja, akaumudu, kisha akakubali kuanza upya. Wapinzani wake hawakuiona kazi hiyo kwa sababu haikufanana na kazi waliyoizoea. Kosa hilo ndilo lililomkuta Kitereza pia: kazi isiyotambulika huitwa ama karama ama kasoro, kutegemea kama msomaji amependezwa au hakupendezwa.

7.0 Hitimisho

Mjadala uliofanyika hapa haukukusudia kukanusha kwamba watu hutofautiana katika walichojaliwa. Wanaseminari wengi wa Rubya na Nyegezi hawakuandika Bwana Myombekere wala Kichwamaji, na hakuna hesabu ya saa za mazoezi itakayoziba pengo hilo lote. Lililodaiwa ni kwamba kipaji ni salio: ni kile kinachobaki baada ya kazi na hadhira kuhesabiwa. Mhakiki anayeanza na salio kabla ya hesabu hajui ameongeza nini wala amepunguza nini.

Kutokana na msimamo huo kuna kazi mbili zinazoikabili taaluma ya fasihi ya Kiswahili. Ya kwanza ni ya kimatini. Riwaya ya Kitereza inahitaji kusomwa kwa kulinganisha Kikerewe chake, Kiswahili chake mwenyewe na Kiingereza cha Ruhumbika, sentensi kwa sentensi, ili maamuzi ya mwandishi yaonekane: alipofupisha, alipoeleza zaidi, alipoacha neno la Kikerewe likae lilivyo. Uchunguzi wa namna hiyo ndio unaoweza kuonyesha kazi iko wapi, na kwa hiyo kipaji kinaanzia wapi. Kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe walio pia wahakiki si wengi, kazi hiyo haifai kuahirishwa.

Ya pili inahusu hadhira. Imani kwamba kipaji cha kweli hujitokeza chenyewe ina faraja kwa mchapishaji, kwa mwalimu na kwa mhakiki, kwa sababu inawaondolea wajibu: ambaye hakuonekana hakuwa nacho. Mswada wa Kitereza unaipinga faraja hiyo. Ulikuwapo, umekamilika, umbali wa safari ya boti kutoka Mwanza, kwa zaidi ya miongo mitatu, na ungeweza kupotea kwa moto, mchwa au mvua bila mtu kujua kwamba kuna kilichopotea. Kupona kwake kulitegemea bahati ya wageni wawili waliokuja kutafuta jambo jingine. Pwani za ziwa hilo zina lugha nyingi na misheni nyingi za kale, na makatekista, makarani na walimu walioandika usiku kwa lugha zao hawakuwa Ukerewe peke yake. Taaluma inayongoja vipaji vyao vijitokeze itaendelea kuwahesabu wale tu waliobahatika kupatikana.